Timu Ndogo Katika Ligi Kuu: Maneno ya Mweka Hazina wa Zamani

(Haya ni maneno aliyoyatoa mmoja wa wanachama wetu mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule. Yanachapishwa kama yalivyosemwa, ila salamu ndefu za mwanzo zimefupishwa. – Mhariri)



Katibu wetu aliponiandikia kwamba nije kuzungumza juu ya namna timu ndogo zinavyoweza kudumu katika ligi kuu ya kandanda, nilimjibu kwamba amekosea mtu. Mimi sikuwa mchezaji. Waliosoma nami wanakumbuka kwamba nilikuwa beki wa kushoto wa bweni letu kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mpira ulikuwa wangu. Siku nilipowaazima mpira ule bweni la jirani, nafasi yangu nayo ikaondoka. Katibu akanijibu kwa mstari mmoja: "Hatutaki mchezaji, tunataka mtu aliyeshika fedha." Hilo sikuweza kulikataa. Nilikuwa mweka hazina wa timu moja ya mkoani kwa miaka sita. Tulipanda ligi kuu, tukakaa msimu mmoja, tukashuka. Timu yenyewe sitaitaja, kwa kuwa wenzangu wa kamati hawapo hapa kujitetea, na mengi nitakayoyasema ni makosa ya mkono wangu mwenyewe.

Kwanza tukubaliane timu ndogo ni ipi. Katika Tanzania Bara jibu ni jepesi: isiyo Simba wala Yanga ni ndogo, na Azam inakaa mahali pake peke yake kwa sababu ina kampuni kubwa nyuma yake. Tangu ligi ya taifa ianze mwaka 1965, wakati Simba ikiitwa Sunderland, timu hizi mbili za Dar es Salaam zimejigawia vikombe karibu vyote. Lakini si vyote. Cosmopolitan walichukua mwaka 1967. Mseto ya Morogoro walichukua mwaka 1975 na kuwa timu ya kwanza ya nje ya Dar es Salaam kufanya hivyo. Coastal Union ya Tanga walichukua mwaka 1988. Mtibwa Sugar, watu wa mashamba ya miwa ya Turiani, walichukua mara mbili mfululizo, mwaka 1999 na 2000. Azam wakachukua msimu wa 2013/14 bila kufungwa hata mchezo mmoja.

Mmoja nimemruka kwa makusudi. Ni Tukuyu Stars, vijana wa Rungwe. Mwaka 1986 walikuwa wageni kabisa, ndio kwanza wamepanda, wakachukua ubingwa wa Bara msimu uleule. Wazee wa Mbeya mpaka leo wakiisimulia habari hiyo wanasimama. Mwaka uliofuata, 1987, Tukuyu Stars wakashuka daraja. Kutoka juu kabisa hadi nje kwa msimu mmoja! Mimi nilipoingia katika kamati ya timu yetu nilikuwa nikitumia habari ya mwaka 1986 katika kila hotuba ya kuomba michango. Ile ya mwaka 1987 sikuigusa. Ningeigusa, labda tungejifunza mapema kwamba kupanda na kukaa ni kazi mbili, na watu wanaofaa kwa kazi ya kwanza huenda wasifae kwa ya pili.

Sasa niingie katika fedha, maana ndiko nilikokuwa.

Timu ya ligi kuu hutumia fedha kila juma na kupata fedha kwa msimu, kama mkulima. Mchezaji anakula kila siku. Ligi ya timu 16 ina michezo 30 kwa kila timu, na 15 kati ya hiyo ni ya ugenini. Nchi yetu si ndogo. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,300. Timu ya pwani ikienda kanda ya ziwa hucheza michezo miwili mfululizo huko ili nauli isipotee, na katikati yake kuna siku nne au tano za kukaa nyumba ya wageni, watu 25 au 30, chai, chakula cha mchana, chakula cha usiku, maji, dawa za misuli. Hapo hujalipa mshahara wa mtu. Matumizi hayo hayakungojei ushinde.

Mapato, kwa upande mwingine, huja kwa vishindo. Siku Simba au Yanga inapokuja mkoani kwenu, uwanja unafurika. Siku inapokuja timu kama yenu, mlangoni mnakusanya fedha ya kulipia waokota mipira na wale walinzi wawili wa geti. Kwa hiyo kila kamati ya timu ndogo hujikuta inafanya hesabu ileile: tutaishi kwa michezo miwili ya nyumbani dhidi ya vigogo. Ndiyo maana tumeona timu zinahamisha michezo hiyo kutoka mji wao na kuipeleka kwenye uwanja mkubwa wa mkoa mwingine, mradi kiingilio kiongezeke. Siwalaumu. Njaa naijua. Lakini fikirini maana yake: mtu anayekuja kuwatazama kila Jumamosi mnapocheza na wadogo wenzenu, siku ya sherehe anaambiwa sherehe iko mkoa wa jirani. Msimu ujao mtu huyo hamtamwona, naye ndiye peke yake aliyekuwa wenu. Wale wengine wote uwanjani walivaa jezi nyekundu au za njano.

Sisi hatukuhamisha. Kosa letu lilikuwa jingine. Tulikopa. Mwezi wa pili wa ligi nilikwenda kwa mfanyabiashara mmoja nikachukua fedha ya kambi na ya kusajili mshambuliaji wa ziada, nikaweka rehani mapato ya mchezo mmoja mkubwa uliokuwa bado miezi mitatu. Niliandika katika daftari, kwa wino mwekundu, mapato niliyoyatarajia. Siku ikafika. Mvua ikanyesha tangu saa nne asubuhi. Ukuta wa upande wa soko ulikuwa umebomoka, na nusu ya watu waliingia kwa hapo. Waheshimiwa walikuja na waheshimiwa wenzao, kila mmoja na kadi ya mwaliko. Likaja kodi, likaja fungu la uwanja, likaja la chama, likaja la wasimamizi. Nilipomaliza kuhesabu usiku ule, kilichobaki hakikufika nusu ya wino mwekundu, na chote kilikuwa cha mfanyabiashara. Asubuhi yake wachezaji walikuwa wamekaa kwenye ngazi za ofisi wakingojea mishahara ya miezi miwili. Walikuwa wameujaza uwanja ule kwa miguu yao wenyewe, wakaniuliza fedha imekwenda wapi. Sikuwa na jibu ambalo mtu mwenye njaa angelikubali.

Majuma matatu baadaye, safarini, mwenye nyumba ya wageni alizuia mabegi ya jezi. Nilimwachia saa yangu, simu yangu na kitambulisho changu cha kazi, akatupa mabegi saa sita mchana, na mchezo ulikuwa saa kumi. Tulifungwa mabao matatu. Magazeti yaliandika kwamba vijana walionekana hawana ari.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninaloliamini, baada ya kuungua, ni kwamba mapato ya mchezo wa vigogo yasiingizwe kabisa katika bajeti ya mshahara. Yahesabiwe kama mvua ya nje ya msimu. Yakija, yajenge ukuta ule uliobomoka. Mshahara utoke kwenye fedha inayokuja kwa ratiba. Je, ipo? Siku hizi ipo, kidogo. Mwaka 2021 shirikisho letu lilitia saini na Azam Media mkataba wa miaka kumi wa haki za kuonyesha ligi, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na mwaka huohuo benki ya NBC ikaingia kuwa mdhamini mkuu. Msimu wa 2018/19 ligi yote ilichezwa bila mdhamini mkuu, kwa hiyo wanaosema hakuna kilichobadilika hawasemi kweli. Fungu la timu moja ndogo si kubwa, lakini linajulikana, na kwa mweka hazina shilingi inayojulikana siku yake ni bora kuliko shilingi tano za "Mungu akipenda". Panga mishahara isizidi fungu hilo na michango ya uhakika. Kama mshambuliaji unayemtaka hatoshei humo, basi si wako. Kamati itapiga kelele, mashabiki watakuita mchawi. Wavumilie.

Najua baadhi yenu mnasema: mbona haya yote ni hadithi ya watu wasio na tajiri? Tafuta mfadhili, ukae raha. Wazee wenzangu mtanisaidia hapa. Mnaikumbuka Reli ya Morogoro? Ushirika ya Moshi? RTC Kagera? Majina yenyewe yanawaambia nani alikuwa akilipa. Shirika la umma liliajiri wachezaji kama makarani au mafundi, likawalipa mwisho wa mwezi, likatoa basi na uwanja. Mpira ulikuwa mzuri kweli. Kisha miaka ya 1990 mashirika yakaanza kuuzwa au kufungwa, na timu zikaondoka nayo kama kupe anapokufa ng'ombe wake. Mashabiki walikuwepo, vipaji vilikuwepo. Hakukuwa na mtu mwingine aliyewahi kufundishwa namna ya kulipa nauli ya kwenda Mwanza.

Mfumo huo haukufa. Umebadilisha sare. Leo tunazo timu za majeshi, za halmashauri za miji, za viwanda, na sasa za matajiri binafsi. Sizidharau. Tanzania Prisons ya Mbeya imeishi miaka mingi kwa utaratibu wa jeshi lake na kwa walinzi wasiopitika. Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji, ilipanda mwaka 2013 na msimu wake wa kwanza ikamaliza ya tatu, juu ya Simba! Lakini nayo ikashuka mwaka 2023, na ikahitaji miaka miwili kurudi. Halmashauri ina shule za kujenga na mitaro ya kuzibua, na diwani anayeuliza kwa nini fedha za mitaro zinakwenda kwa winga wa kulia ana haki ya kuuliza. Na tajiri binafsi, yeye ana haki zaidi, maana fedha ni zake. Ihefu ya Mbarali iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1 mwezi Novemba 2022, ikavunja mfululizo wa michezo 49 ya ligi ambayo Yanga haikufungwa. Watu wa Mbarali hawatausahau mchezo ule. Lakini kabla ya miaka miwili kwisha timu ilikuwa imehamishiwa Singida na kubadilishwa jina. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ndivyo ilivyo tu, mwenye ng'ombe anaposwaga ng'ombe wake.

Timu ninayoitazama mara nyingi zaidi ni Mtibwa, kwa sababu ndani yake mna mafunzo ya pande zote. Wana kiwanda nyuma yao, ndiyo, lakini hawakukitumia kununua majina. Walikaa Manungu, kwenye uwanja ulio katikati ya miwa, ambako mgeni alifika amechoka na vumbi. Walilea watoto, timu yao ya vijana ikawa tishio kwa wenzao wa nchi nzima, na kila vigogo walipomchukua mchezaji mmoja, mwingine alikuwa tayari. Kwa njia hiyo walidumu zaidi ya miaka 20 mfululizo na mwaka 2018 wakachukua Kombe la Shirikisho. Halafu msimu wa 2023/24 wakashuka, wakamaliza mkiani. Hata shamba zuri huchoka. Ila angalieni kilichofuata: mwaka 2025 walikuwa wamepanda tena, wakati timu nyingi zilizowahi kushuka katika miaka ya karibuni huzisikii hata katika daraja la pili. Nadhani hapo ndipo pa kupimia timu ndogo. Itashuka siku moja, karibu kila moja hushuka. Je, siku hiyo ikifika, bado ina uwanja, watoto, na daftari safi?

Juu ya daftari safi ninayo habari ya mbali, kutoka Hispania, na naomba mnivumilie kwa sababu naipenda sana. Katika nchi ya Wabaski uko mji uitwao Eibar, ulio bondeni, wenye watu wasiofika 30,000. Zamani walitengeneza bunduki, baadaye baiskeli na cherehani. Mwaka 2014 timu yao ilipanda ligi kuu ya Hispania kwa mara ya kwanza. Haikuwa na deni hata senti moja. Ajabu ni kwamba sheria ya huko iliitaka iongeze mtaji kwa yuro milioni 1.7 hivi, la sivyo irudishwe chini, wakati klabu kubwa zenye madeni ya kutisha zikiendelea kucheza. Hawakumwendea tajiri mmoja. Waliuza hisa ndogo ndogo kwa watu wa dunia nzima, maelfu ya watu, na fedha ikapatikana.

Msimu ule wa kwanza walimaliza nafasi ya 18 kati ya 20, yaani katika nafasi za kushuka. Kwisha habari? La. Timu ya Elche iliyokuwa imemaliza juu yao ilishushwa na wakubwa wa ligi kwa sababu ya madeni, na Eibar wakabaki. Ndugu zangu, pointi za kubaki zilipatikana ofisini mwa mhasibu! Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Walikaa misimu saba, na mwezi Novemba 2018 waliifunga Real Madrid mabao 3 kwa 0 kwenye kile kiwanja chao kidogo. Mwaka 2021 walishuka.

Juu ya mchezo wenyewe sina mengi, mimi ni beki wa kuazima. Lakini hesabu za pointi ni hesabu kama nyingine. Katika michezo 30, sita ni dhidi ya Simba, Yanga na Azam. Inabaki 24, yenye pointi 72. Timu yetu iliingia kambini siku kumi kabla ya kucheza na vigogo, ikala nyama, ikaahidiwa posho maradufu. Kabla ya kucheza na majirani zetu wa mkiani ilifanya mazoezi jioni na kwenda kulala kwao. Yaani tulitia mbolea palipo na mwamba. Ukimfunga aliye chini pamoja nawe, wewe umepata tatu na yeye amezikosa tatu, na posho kubwa ingestahili kuwa hapo. Kocha wetu wa kwanza alilisema hilo. Tulimfukuza mwezi wa tatu. Wa pili tulimfukuza baada ya michezo tisa, na wa tatu alitushusha. Wote watatu walikuwa na mikataba na wote walitudai. Kwa fedha tuliyowalipa makocha waliokwisha kuondoka tungalimlipa kipa wa akiba misimu miwili. Mchezaji na kocha wa kigeni asiyelipwa anaweza kushitaki hadi FIFA, na klabu ikishindwa kulipa hufungiwa kusajili. Timu ndogo iliyofungiwa kusajili ni kama mvuvi aliyenyang'anywa nyavu na anaambiwa aendelee kuvua.

Sasa nifike mahali ambapo nilitaka kufika tangu mwanzo, na ambapo nimekuwa nikizungukazunguka.

Vijana wa nyuma, sogeeni. Timu ndogo haiwezi kununua, kwa hiyo hapana budi ilee. Na ikilea kwa karatasi zilizotimia, kanuni za FIFA zinailinda. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu mwaka anaotimiza miaka 12 hadi mwaka anaotimiza 23. Miaka minne ya kwanza kila mmoja una robo ya asilimia moja, na kuanzia wa miaka 16 kila mwaka una nusu ya asilimia. Tuseme kijana alikuwa kwenu akiwa na miaka 16, 17 na 18, kisha baadaye huko aliko akauzwa kwa dola milioni moja. Fungu lenu ni dola 15,000, zaidi ya shilingi milioni 30. Kwa timu ya mkoani hizo ni nauli za duru nzima! Lakini hulipwa klabu iliyomwandikisha kwa tarehe na ushahidi. Mbwana Samatta alianzia Mbagala, akapita Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011, Genk mwaka 2016, Aston Villa mwaka 2020. Kila hatua kama hizo ni karatasi zinazofuata karatasi. Sisi karatasi za wachezaji tuliziweka katika mfuko wa plastiki juu ya kabati, na panya walizijua kuliko mimi.

Tulikuwa na winga wa kushoto. Alikuwa kidato cha nne, hapa hapa, katika shule hii. Baadhi ya walimu mlioko hapa mlimfundisha. Tulimchukua mwezi Septemba kwa maneno matupu: kwamba klabu itamlipia ada iliyobaki, itampa posho ya mwezi, na kwamba atarudishwa kwa gari kila siku ya mtihani. Mwalimu wake wa darasa aliniuliza kama ahadi hiyo imeandikwa. Nilimjibu kwa mzaha kwamba mimi ndiye kalamu ya klabu. Mwezi Novemba tulikuwa safarini, fedha ya gari haikuwepo, na mtoto yule alikosa mitihani miwili, wa hisabati na mwingine. Ada haikulipwa. Posho alipata mara moja. Hati ya malipo ya pili niliiandika mwenyewe na kuitia saini, nikaiweka chini ya karatasi nyingine kwa kuwa hapakuwa na fedha, na ikabaki pale mpaka tuliposhuka. Hatukumwandikisha hata katika kitabu cha vijana, kwa hiyo kwa sheria hakuwahi kuwa wetu.

Alirudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea baada ya miaka miwili, kwa fedha ya mama yake. Alipita. Hakucheza tena mpira wa maana. Nikikutana naye mjini hunipa shikamoo vizuri kabisa, kwa mikono miwili, ananiuliza habari za nyumbani. Ningependa siku moja anitukane.

Ndiyo sababu niliikubali barua ya Katibu. Nimesikia kwamba timu ya mkoa wetu inanukia kupanda, na kwamba viongozi wake wameshafika hapa kuwatazama vijana wawili wa kidato cha tatu. Sipingi. Nataka timu ipande, nami nitakwenda uwanjani. Lakini naomba mambo haya yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu. Asiondoke mwanafunzi bila mkataba ulioandikwa, wenye saini ya mzazi na ya Mwalimu Mkuu, na ratiba ya mitihani iambatanishwe. Ada ilipwe shuleni moja kwa moja, kabla ya mchezo wa kwanza, isipitie mkononi mwa mtu. Mtoto aandikishwe rasmi katika timu ya vijana ya klabu, na nakala ibaki katika faili la shule, maana mfuko wa plastiki haufai. Na kwa kuwa chama chetu hiki kina wahasibu, nimehesabu saba katika orodha ya mwaka huu, watatu kati yao wajitolee kukagua vitabu vya timu hiyo kila miezi mitatu na kuyabandika matokeo kwenye mlango wa uwanja. Mimi nitakuwa wa nne kama mtanikubali, ila nisishike hundi.

Najua kuna watakaosema kwamba chama cha wanafunzi wa zamani hakikuundwa kwa ajili ya kandanda. Pengine. Mwaka jana tulichangisha fedha za kupaka rangi bwalo hili, na imekaa vizuri sana.

Mwenyekiti ananionyesha saa yake. Ya kwangu ilibaki kule nyumba ya wageni. Daftari la msimu ule nimelileta, na wino mwekundu bado unasomeka. Nitaliweka pale mezani karibu na birika la chai, na ile hati ya malipo iko ndani yake, ukurasa wa 61. Mwenye swali anikute hapo.